Kipimo cha haraka cha vinasaba: jinsi ya kukitumia mpaka dawa ibadilike

Naandika hii kwa ajili yako wewe unayeumwa au unayemuuguza mtu, na pia wewe mhudumu wa afya ambaye mashine mnayo pale maabara ila bado unaona wagonjwa wanapewa dawa kwa kukisia. Vipimo vya vinasaba ni vizuri sana, mimi navipenda na natamani vitumike zaidi, lakini uharaka wake mara nyingi unapotelea mwanzoni na mwishoni. Mashine inamaliza kazi ndani ya saa moja au mbili, halafu unakuta sampuli ilikaa mezani tangu jana, au majibu yametoka saa nne asubuhi na dawa inabadilishwa kesho kutwa. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye sampuli na kwenye kinachofanyika baada ya majibu, ya katikati nitayapita haraka maana mengi mashine inafanya yenyewe.

Kwanza, kinachopimwa ni nini hasa

Njia ya siku zote ni kuotesha. Inachukuliwa damu, mkojo au makohozi, maabara inaweka kwenye chakula cha bakteria, mnasubiri waote, wakishaota ndo wanatambuliwa na kujaribiwa na dawa mojamoja kuona ipi inawaua. Kwa bakteria wengi hiyo ni siku mbili tatu. Kwa TB ni wiki kadhaa, inaweza kufika hata nane, kwa sababu bakteria wa TB anagawanyika polepole mno, inamchukua kama saa 20 wakati wengine wanatumia dakika 20 tu. Muda wote huo mgonjwa anameza dawa ambayo daktari ameichagua kwa kukadiria.

Kipimo cha vinasaba hakingoji mdudu aote. Kinatafuta kipande cha DNA, au RNA kwa baadhi ya virusi, ambacho huyo mdudu peke yake ndo anacho, kinakizidisha mara mamilioni mpaka kionekane. Hiyo ndo PCR, aliyeibuni ni Kary Mullis mwaka 1983 na ikampa tuzo ya Nobel mwaka 1993. Na kwa kuwa usugu mwingi wa dawa nao umeandikwa kwenye jeni za mdudu, kipimo hicho hicho kinaweza kukwambia mdudu ni nani na dawa gani haitamfanya kitu.

TB ndo mfano mzuri zaidi. Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipitisha kipimo cha Xpert MTB/RIF kinachofanyika kwenye mashine ya GeneXpert, na hicho ndani ya saa mbili kinajibu maswali mawili, bakteria wa TB yupo au hayupo, na kama yupo anaisikia rifampisini, moja ya dawa kuu za TB, au haisikii. Kinachoangaliwa ni kipande kifupi cha jeni inayoitwa rpoB, herufi 81 tu za DNA, maana zaidi ya asilimia 95 ya usugu wa rifampisini unakaa hapo. Mwaka 2017 ikaja katriji mpya (kile kikasha kinachowekwa sampuli na kuingizwa kwenye mashine), Ultra, yenye macho makali zaidi: darubini inahitaji bakteria kama 10,000 kwenye mililita moja ya makohozi ndo waonekane, Ultra inaweza kuwakamata wakiwa kama 16. Baadaye zikaongezeka na mashine nyingine, kama Truenat ambayo inatumia betri na inaweza kufanya kazi kwenye kituo kidogo, hiyo WHO iliikubali mwaka 2020.

Hatua ya 1: uliza swali kabla ya kuomba kipimo

Hapa wengi wanaruka. Kipimo cha vinasaba kinajibu ulichokiuliza tu, kila katriji au paneli (kipimo kimoja kinachotafuta wadudu wengi kwa pamoja) ina orodha yake ya wadudu na orodha yake ya jeni za usugu, mdudu asipokuwepo kwenye orodha majibu yatakuja hasi hata kama amejaa tele kwenye sampuli. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu jiulize vitu vitatu: nashuku mdudu gani, kipimo hiki kinamtafuta huyo, na majibu yakija chanya au hasi nitabadilisha nini. Kama jibu la hilo la tatu ni "hakuna", kipimo hicho kiache.

Mtu anakohoa wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku, nguo zinaanza kumpwaya, huyo ni kipimo cha TB cha vinasaba moja kwa moja, usianze na darubini kama mashine ipo. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU, chini ya miezi 18 kile kipimo cha kawaida cha kingamwili hakifai kuthibitisha maana kingamwili za mama zinaweza kuwa bado zipo kwenye damu ya mtoto, huyo anahitaji PCR. Mgonjwa aliyelazwa ana homa kali na chupa ya damu yake imeanza kuota kitu, hapo ndo paneli ya damu inafanya kazi yake nzuri kabisa, nitairudia chini.

Kuna sehemu kipimo kinakuwa mtego. Mfano Clostridioides difficile, bakteria anayeleta kuhara baada ya antibayotiki. Watu wengi wanatembea naye tumboni bila kuumwa, na kipimo kitamwona tu, kwa hiyo ukipima kinyesi kigumu cha mtu asiyehara utapata jibu chanya na utamtibu mtu asiye na ugonjwa. Pima anayehara kweli, choo laini mara tatu au zaidi ndani ya saa 24, na ambaye hajapewa dawa ya kulainisha choo. Na mafua ya siku mbili kwa mtu mzima mwenye afya yake hayana haja ya paneli ya virusi kumi na ngapi sijui, ila kwa mjamzito, mzee au mtu aliyelazwa ina maana kubwa, kwa sababu oseltamiviri, dawa ya virusi vya mafua makali, inasaidia zaidi ikianza ndani ya saa 48 tangu dalili zianze.

Kama wewe ni mgonjwa swali lako ni fupi tu: "Dokta, kipimo hiki kinatafuta wadudu gani, na majibu yakitoka dawa yangu itabadilikaje?" Usione aibu kuuliza, daktari mzuri atafurahi.

Hatua ya 2: sampuli, na ichukuliwe kabla ya dawa

Nikiambiwa nichague hatua moja ya kusimamia mwenyewe basi ni hii. Sampuli mbovu hakuna mashine itakayoiokoa.

Kanuni ya kwanza, sampuli kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki. Kipimo cha vinasaba kinaweza kuona DNA hata baada ya dawa kuanza, sawa, lakini wadudu wanapungua na kuotesha ambako bado tunakuhitaji kunaharibika kabisa. Sasa hapa naomba nieleweke vizuri: mgonjwa ambaye presha imeshuka kwa sababu ya maambukizi kwenye damu, au anayeshukiwa homa ya uti wa mgongo, huyo hasubirishwi. Chota damu hapo hapo na dawa ianze ndani ya saa moja, na kama damu inagoma kutoka basi dawa itangulie.

Kwa damu ya kuotesha, safisha ngozi na dawa ya kuua vijidudu, iache ikauke yenyewe usiipulizie, usirudie kuigusa kwa kidole. Mtu mzima mililita 8 mpaka 10 kwa kila chupa, na chupa zichukuliwe sehemu mbili tofauti za mwili. Mililita nyingi hivyo kwa sababu kwenye damu ya mgonjwa bakteria wanaweza kuwa hata chini ya mmoja kwa mililita, ukichota mililita mbili unaweza kuwakosa wote. Watoto wanachotwa kulingana na uzito.

Makohozi nayo yana ufundi wake na mgonjwa lazima aelekezwe, sio kupewa kopo na kuambiwa "nenda katoe". Kaa naye, mwambie asukutue mdomo kwa maji, asimame nje au sehemu yenye hewa ya kutosha na watu wakae mbali, avute pumzi ndefu kabisa, aishikilie kidogo, aitoe, arudie mara mbili au tatu, halafu akohoe kutoka chini kifuani na sio kooni, kinachokuja akiteme kwenye kopo bila kugusa ndani. Kisha angalia kopo. Mate ni maji maji meupe yenye povu juu, ukiinamisha kopo yanatiririka mara moja. Makohozi ni mazito, yanavutika, yanabaki yameshikilia ukuta wa kopo ukiliinamisha, mara nyingi yana rangi ya njano au kijani na wakati mwingine michirizi ya damu. Ukiona povu tupu mrudishe ajaribu tena, dakika kumi hizo ni bora kuliko jibu hasi la uongo. Angalau mililita moja. Ya asubuhi akitoka kuamka ndo nzuri zaidi maana yamejikusanya usiku kucha.

Watoto wadogo hawawezi kutema, wanameza makohozi yao, na ndo maana WHO inakubali kinyesi cha mtoto kipimwe TB kwa Xpert. Mzazi, ukiombwa kinyesi wakati mtoto anakohoa usishangae, bakteria walioshuka na makohozi wanapatikana huko.

Andika jina, tarehe na saa ya kuchukua kwenye kopo lenyewe, usiandike kwenye kifuniko, vifuniko vinabadilishana makopo pale maabara na mtu mwingine atatibiwa ugonjwa wako. Ipeleke siku hiyo hiyo, kama haiwezekani ikae kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8, isiachwe dirishani juani.

Hatua ya 3: kwenye mashine

Kwa GeneXpert, makohozi yanachanganywa na kimiminika maalumu cha kipimo hicho, sehemu mbili za kimiminika kwa moja ya makohozi, yanatikiswa kwa nguvu, yanakaa dakika 15 huku yakitikiswa tena katikati, halafu mililita mbili zinaingia kwenye katriji na mashine inaendelea. Badilisha glavu kati ya sampuli na sampuli na safisha meza, kwa sababu kipimo kinachokamata bakteria 16 kitakamata na uchafu wa mgonjwa wa jana. Katriji zikae nyuzi 2 mpaka 28, chumba kikiwa cha moto sana au umeme ukikatika katikati ya kazi utapata jibu la hitilafu.

Na hapo ndo penye kosa linalonisikitisha, mtu anaona "hitilafu" au "jibu batili" anaandika hasi. Hapana. Kila katriji ina kipimo chake cha ndani kinachohakikisha kazi imefanyika sawasawa, kikishindwa maana yake hujui chochote kuhusu huyu mgonjwa. Rudia kwa katriji mpya, na ikibidi sampuli mpya.

Hatua ya 4: kusoma majibu

Chukua karatasi ya TB. Ina mistari miwili ya maana. Wa kwanza unasema TB imeonekana au haijaonekana, na kama imeonekana inatajwa kiasi: kidogo sana, kidogo, wastani au kingi. Wa pili unasema usugu wa rifampisini umeonekana, haujaonekana, au haujulikani. Soma yote miwili. Nimeona watu wanasoma wa kwanza, wanafurahi kwamba ugonjwa umejulikana, dawa zinaanza, na mstari wa pili unabaki kwenye faili.

Rifampisini ikisomeka "haujaonekana" haimaanishi dawa zote zinafanya kazi, isoniazidi, dawa nyingine kuu ya TB, haijapimwa hapo kabisa. Kuna katriji nyingine, Xpert MTB/XDR, inayopima isoniazidi, kundi la fluorokwinoloni na dawa nyingine kadhaa kwa muda kama wa saa moja na nusu, na hiyo inafanyika baada ya TB kuwa imeshaonekana.

Kwa Ultra kuna jibu jingine, "chembe", yaani DNA ya TB ipo lakini kiduchu sana, na hapo usugu hauwezi kusomeka. Kwa mwenye VVU, kwa mtoto, au kwa sampuli isiyo ya mapafu kama maji ya uti wa mgongo, chembe inachukuliwa ni TB na anatibiwa. Kwa mtu mzima asiye na VVU mwenye makohozi, rudia kwa sampuli mpya. Na kama aliwahi kuugua TB ndani ya miaka mitano iliyopita kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu kipimo hakitofautishi bakteria aliye hai na maiti yake, DNA ya bakteria waliokufa inaweza kubaki kifuani muda mrefu baada ya mtu kupona. Ndo sababu hiyo hiyo kipimo hiki hakitumiki kufuatilia kama dawa zinafanya kazi.

Usugu ukisomeka kwa mtu ambaye bakteria ni kidogo sana na hana historia yoyote ya hatari, hajawahi kutibiwa TB wala hajaishi na mwenye TB sugu, rudia kwa sampuli mpya kabla ya kumbebesha jina hilo, hapo ndo usugu wa uongo unapotokea.

Sasa damu. Chupa imeota, paneli inaendeshwa kama saa moja, inakuja na jina na jeni. Mfano bakteria Staphylococcus aureus pamoja na jeni ya mecA, huyo ni MRSA, yaani Staphylococcus aureus sugu, dawa za jamii ya flukloksasilini hazimgusi. Staphylococcus aureus bila mecA ni habari nyingine. Akitokea ndugu yake wa kwenye ngozi, kwenye chupa moja tu kati ya nne na mgonjwa anaendelea vizuri, mara nyingi huo ni uchafu wa ngozi ulioingia na sindano, sio ugonjwa. Kwa wale bakteria wa tumboni kama Klebsiella na E. coli, jeni za kutafuta ni CTX-M, KPC, NDM, OXA-48, VIM na IMP. Hizo tano za mwisho zinavunja dawa za karbapenemu, ambazo kwa kawaida ndo ngao yetu ya mwisho mwisho.

Weka hili kichwani: jeni ikionekana, amini na chukua hatua. Jeni isipoonekana, usihitimishe kwamba dawa itafanya kazi. Bakteria ana njia nyingine za kuikwepa dawa, anaweza kuziba milango dawa inapoingilia, anaweza kuisukuma nje, anaweza kuwa na jeni ambayo haipo kwenye paneli yako. Kwa hiyo kuotesha kunaendelea kama kawaida, kipimo cha haraka kinakupa uamuzi wa leo na kuotesha kunakupa uhakika keshokutwa.

Hatua ya 5: dawa ibadilike leo

Tafiti za paneli za damu zimeonyesha kitu ambacho kila msimamizi wa hospitali angepaswa kukijua, faida kwa maisha ya mgonjwa imeonekana wazi pale ambapo kuna watu maalumu wa kusimamia antibayotiki wanaopokea majibu na kuyafanyia kazi. Mashine peke yake, majibu yanaingia kwenye kompyuta yanakaa, haileti tofauti ya kueleweka. Kwa hiyo kabla hata ya kununua katriji amueni nani anapigiwa simu, saa za usiku ni nani, na ana mamlaka ya kubadilisha dawa au lazima amtafute mwingine. Maabara isitume karatasi tu, ipige simu, imtaje mgonjwa, mdudu na jeni, na anayepokea arudie alichosikia.

Kwa TB inayosikia rifampisini, anaanza dawa za kawaida za miezi sita. Ikiwa sugu kwa rifampisini usimwanzishie hizo za kawaida "wakati tunasubiri", tangu 2022 WHO inapendekeza kwa wengi wa kuanzia miaka 14 mchanganyiko wa bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini kwa miezi sita, zamani ilikuwa mwaka na nusu au zaidi na sindano zinazoua masikio. Kwa wajawazito kuna mpango mwingine. Sampuli ya kupima fluorokwinoloni ichukuliwe hapo hapo ila matibabu yasisimame kuisubiri.

Kwa MRSA, vankomaisini. Kwa Staphylococcus aureus asiye na mecA, toa vankomaisini weka flukloksasilini au sefazolini, na hapa watu wanasita kweli kweli, wanaona kama wanampunguzia mgonjwa kinga kwa kumtoa kwenye dawa "kali". Ukweli ni kwamba kwa bakteria huyo dawa hizo ndo zinaua vizuri zaidi kuliko vankomaisini, kubaki na ile kali ni kumtibu vibaya. Kwa KPC seftazidimu na avibaktamu inafanya kazi, kwa NDM yenyewe haitoshi, inaongezewa aztreonamu, na tofauti hiyo huwezi kuijua kwa kumwangalia mgonjwa, ni jeni tu inayokwambia. Kwa kisonono, palipo na kipimo cha jeni ya gyrA, ikionekana haijabadilika pale kwenye nafasi ya 91 dozi moja ya siprofloksasini inatosha na seftriaksoni inabaki akiba.

Kupunguza dawa ni matibabu sawa na kuongeza. Mwaka 2019 pekee usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu wanaokadiriwa milioni 1.27 duniani, na kila siku ya dawa pana isiyo na sababu inawafundisha bakteria wa tumboni mwa mgonjwa huyo huyo kuikataa. Kwa hiyo majibu yakisema ni virusi, na mgonjwa hana dalili ya bakteria, simamisha antibayotiki na uandike kwenye faili kwamba umesimamisha kwa sababu ya kipimo.

Kwa mgonjwa na ndugu zake

Omba nakala ya majibu au piga picha karatasi, ukihamishiwa hospitali nyingine hiyo karatasi itakuokolea siku nzima. Uliza mstari wa usugu unasemaje. Majibu yakisema sugu usikimbie, na watu mnaolala nyumba moja waje wapimwe pia. Usichukue jina la dawa ulilolisoma hapa ukaenda kujinunulia, dozi inategemea uzito, figo, ini, mimba na dawa nyingine unazomeza. Na ukiwa kwenye dawa za TB, mwisho wa mwezi wa pili utaombwa makohozi tena, safari hii ni kwa ajili ya darubini au kuotesha. Wakitaka kukufuatilia kwa ile ile mashine ya vinasaba uliza kwa heshima kwa nini, kwa sababu inaweza kusoma chanya wakati wewe unapona vizuri tu.